Bwana yangu anapulizia majani ya jirani, yangu ameiacha

Admin, tafazali ficha jina yangu, bwana yangu naye anasoma page hii. Niko na miaka 34, watoto watatu, tunakaa upande wa Bangboka, hapa Kisangani. Tunalima majani ya ng'ombe, ile ya kutoa mbegu. Wafugaji ndio wanakuja kuinunua.

Kando yetu mama mumoja mujane analima majani ile ile. Musimu huu bwana yangu alikuja na mbolea ya maji, ya kupulizia juu ya majani mbele masuke hayajatoka. Nilifurahi. Kumbe asubuhi, jua ikiwa bado baridi, anabeba pompe mugongoni anaingia kwa mujane. Nikamuuliza, na yetu je? Akasema udongo yetu iko muzuri, haihitaji, na ule mama anastahili huruma.

Huruma! Mimi nilisimama nyuma ya mihogo nikiwaangalia. Anapulizia mustari kwa mustari, polepole, mama anamufuata na ndoo ya maji, kitambaa ya liputa mupya kiunoni. Kwangu hajawahi kufanya kazi polepole vile.

Bon, mavuno ikafika. Masuke ya mujane iliinama kwa uzito. Yangu, ukiisugua mukononi, ni makapi tu. Munuzi akamusifu, bwana yangu akacheka kama shamba ni yake.

Nikashindwa kuvumilia, nikaenda kumutukana ule mujane. Hakukasirika. Alinipa kiti, akasema: "Mama, ile mbolea ni mimi niliagiza. Nilimuomba bwana yako nusu aipulizie kwenu. Alisema wewe umekataa kitu ya mikono yangu. Donc akaipulizia yote kwangu."

Mimi sikuulizwa hata siku moja.

Nilipomubana bwana yangu, aliangalia chini, akasema tu: "Kule nikifanya kazi, naambiwa asante."

Sasa ule mama anataka musimu unaokuja tupulizie pamoja, sisi wawili. Ameshanionyesha kupima maji ili majani isiungue. Ni mutu muzuri, na ndiyo inaniumiza zaidi. Nikisikia anacheka na bwana yangu kwa barabara, roho inawaka upya.

Wandugu, muniambie ukweli bila kunionea haya. Nilime na huyu mama ao nimukimbie? Na ile asante, nianze mimi kumupa bwana yangu, wakati mimi mwenyewe sijawahi kuisikia kwa kinywa yake?