Safari ya Kumtafutia Zaina Ukuta

Tuliondoka Butembo kwa sababu ya ukuta. Najua ninyi mnaonisoma huko Kisangani mtacheka, maana kwetu mtu hujifunza kuogelea mtoni, na hakuna aliyewahi kuuliza ukuta uko wapi. Lakini mimi sasa ni mwalimu wa mazoezi ya mwili Butembo, serikali ndiyo iliyonileta, na watoto ninaowaandaa kwa mashindano wanaogelea katika pisini, bwawa la kuogelea, ya hoteli. Maji yake ni ya baridi ya kutetemesha meno, rangi yake ya majani, na urefu wake, mwenye hoteli ananiapia, ni mita ishirini na tano. Katika maji yale huoni ukuta mpaka umeugonga kwa kichwa. Kwa hiyo watoto walijitafutia dawa yao: wanafumba macho na kuhesabu mikono. Ukifika mkono wa kumi na moja unapinduka, unasukuma ukuta kwa miguu, unarudi. Niliwaacha, kwa kuwa mapaji ya uso yalipona.

Halafu tukaenda kushindana Beni, katika pisini nzuri ya hoteli moja ya huko. Zaina, msichana wangu mwenye kasi kuliko wote, alifika mkono wa kumi na moja akapinduka. Hapakuwa na ukuta. Alipiga teke maji matupu katikati ya pisini, akarudi alikotoka macho yakiwa yamefumbwa, akagusa pale alipoanzia, akainua mkono juu kama mshindi. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mmoja tu hakucheka. Baba yake, ambaye ana lori la kubeba mizigo na anaishi Mulekera pale Beni, hakuwa amewahi kuona mashindano ya kuogelea. Alipoona mkono wa binti yake juu, naye aliinua wake, akashangilia peke yake, mpaka shemeji yake alipomnong'oneza.

Alinifuata baadaye, kofia yake nyeupe mkononi.

"Coach, miye hapana kufunga kazi juu ya kuchekewa," alisema kwa sauti ya chini. "Nitakuya tena mara moja. Akikosa tena, maji basi. Atabaki na masomo yake."

Niliona haya, na nilikasirika pia, ila sikujua nimkasirikie nani. Zaina tangu siku ile alikuwa akiingia pisini na kusimama tu, maji kifuani. Pisini ya Beni hufunguliwa kwetu siku ya mashindano peke yake, hivyo siku ya mashindano mengine iliposogea nikaamua kuwapeleka watoto mahali ambapo kuhesabu hakutamsaidia mtu: Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward.

Asubuhi ya safari tulipanda pikapu ya wanunuzi wa samaki. Zaina anasoma Butembo na anakaa kwa shangazi yake, Mama Mwamini, anayefanya biashara ya samaki wa chumvi, na baba alikubali safari kwa sharti kwamba shangazi awepo. Mama Mwamini alikubali kwa sharti lake: yeye anakwenda kununua samaki, mambo ya michezo yasimcheleweshe. Mtoto mwingine niliyekuwa naye ni Kambale, mvulana mrefu ambaye hata Beni alipokosa ukuta alisimama, akatazama, akaendelea na safari yake. Huyo hana haya, ndiyo maana nilimchukua. Zaina alikaa mbele na shangazi, sisi nyuma juu ya vikapu vitupu ambavyo harufu yake haikuwa tupu hata kidogo.

Njia ya Kyondo inapanda kwanza, ukungu ukiwa bado katika mashamba ya viazi na maharage, kisha milima inakatika na unaanza kushuka. Kwenye kizuizi askari mmoja wa kutoka Kinshasa alitutazama, akaiangalia miwani ya maji shingoni mwa Kambale, akauliza kwa Kilingala: "Bozokende wapi na bana oyo?" Nikamwambia ninawapeleka watoto kuogelea. Aliangalia milima pande zote, akaangalia tena miwani, akafungua kizuizi. Nadhani alituhurumia.

Kadiri tulivyoshuka tulivua nguo: kwanza koti, kisha sweta, na chini kabisa Kambale alibaki na singleti. Mtu wa Butembo akishuka ziwani hushangaa kwamba jua ni lile lile. Pikapu ilipotoka kona ya mwisho ziwa likaonekana lote, na Zaina akatoa kichwa dirishani.

"Coach," aliita, "mwisho yake iko wapi?"

Nikamwambia hauonekani. Akarudisha kichwa ndani.

Kyavinyonge tulipokelewa na Papa Kakule, mvuvi anayemuuzia Mama Mwamini samaki. Alitupa bugali na tilapia mkubwa, akatuonyesha mahali watu wa kijiji wanapooga, na akasisitiza saa za kuingia na kutoka. Nilipomuuliza kama hatuwezi kuchelewa kidogo, alitikisa kichwa. "Kiboko iko na masaa yake," alisema. "Siye tunafuataka ya kwake."

Mchana ule ulikuwa wa hasara. Watoto wa kijiji walikuwa wakiogelea kichwa nje, macho huku na huku, kwa sababu ambazo Papa Kakule ameshazieleza. Kambale alijiunga nao mara moja na kusahau yote niliyomfundisha. Zaina aliingia na suruali yake ndefu ya kubana na blauzi ya mikono mirefu, akalala juu ya maji, akaanza vizuri, mkono wa kumi na moja ukafika, na mbele yake kukiwa na ziwa zima, akapinduka. Alipoinuka na kuona alichofanya, alitoka, akakaa mchangani akilia kwa hasira, akiupiga mchanga kwa ngumi. Nilikaa karibu naye. Nilisema mengi yasiyo na maana, na Mama Mwamini akanituma nikamsaidie kuhesabu samaki.

Asubuhi iliyofuata nilimwomba Papa Kakule atuwekee mtumbwi wake mbele kidogo, uwe ukuta. Zaina na Kambale wangeogelea, wangeugusa, wangegeuka na kurudi. Papa Kakule alikaa ndani na kasia lake, lakini upepo ulikuwa umeanza, na mtumbwi haukutulia. Mara ya kwanza ulisogea ukamfuata Zaina, akaugonga kwa kichwa kabla hajafika hata nusu ya hesabu yake. Nilifumba macho, nikijua sasa tumemaliza. Nilipofumbua, alikuwa ameshikilia ubao wa mtumbwi, mkono mmoja kichwani, na alikuwa anacheka. Tangu Beni sikuwa nimemwona akicheka.

"Inatembea!" alimwambia Kambale. "Ukuta inatembea!"

Mara ya pili mtumbwi ulikuwa umesogea mbali. Kumi na moja ikafika, ikapita. Nilimwona akisita, halafu akainua uso kidogo, macho wazi, akautafuta, akaendelea mpaka akaugusa. Akapinduka. Teke lake lilimtikisa Papa Kakule akashika pande zote mbili. Walirudia, na kila mara ukuta ulikuwa mahali pengine, na kila mara Zaina aliinua macho mapema zaidi, kidogo tu, bila kupunguza kasi. Mimi nilikuwa majini mpaka kiunoni nikipiga kelele za furaha ambazo mwalimu hapaswi kupiga.

Kisha akasimama ghafla, akashika mtumbwi.

"Papa Kakule, kule kuko kitu."

Papa Kakule aligeuka. Mbali kidogo, mahali ambapo saa ile hapakupaswa kuwa na kitu, masikio mawili madogo yalikuwa juu ya maji, yakatikisika, yakazama. Mzee hakupaza sauti. Aliwavuta watoto wote wawili ndani ya mtumbwi kwa kukamata nguo zao, akapiga kasia mpaka mchangani. Mimi nilitoka majini mbio.

Mama Mwamini alikuwa ameona yote kutoka kwenye samaki zake. Alinisema mbele ya kijiji, na kila neno lilikuwa halali yangu. Mwishowe alisema kwamba kule Beni ataeleza yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, na kaka yake, baba Zaina, atakata shauri. Tulipanda tena milima, mimi na Kambale juu ya vikapu ambavyo sasa vilikuwa vimejaa. Zaina alilala begani mwa shangazi. Nilihesabu mashindano yamekwisha kabla hayajaanza.

Tulilala Butembo, na siku ya mashindano tukaenda Beni kwa basi dogo, vumbi likiingia kwa kila tundu. Baba Zaina alikuwa tayari penye geti la hoteli, safari hii bila shemeji. Mama Mwamini alimvuta pembeni. Niliwaona wakizungumza, mikono ya mama ikionyesha ukubwa wa kitu, na nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Baba alikuja.

"Dada yangu anasema kuko kiboko."

"Ndiyo, Baba Zaina. Kosa ni yangu."

"Anasema mwenye alikiona wa kwanza ni mutoto. Mbele ya muvuvi."

"Ndiyo."

Alivaa kofia yake. "Basi aogelee, tuone."

Walipanga mstari, filimbi ikalia. Sikumtazama mwingine. Zaina alipiga mikono yake ile mirefu, na nilipojua kwamba kumi na moja imefika, nilijikuta nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua. Aliinua macho. Ukuta ulikuwa mbele, akaufuata, akapinduka, nikasikia miguu yake ikipiga saruji. Akarudi. Akagusa. Wawili walikuwa wamefika kabla yake.

Hakuinua mkono. Alishika ukingo akihema, akavua miwani ya Kambale, akatafuta watu mpaka akampata baba yake. Baba naye alikuwa amesimama, mikono yake chini, amejikaza. Akaniinamia.

"Coach, sasa hii njo mwisho?"

"Ndiyo, Baba Zaina. Hii njo mwisho."

Ndipo akainua mkono wake, juu kabisa, peke yake kama mara ya kwanza, na akauacha huko mpaka Zaina alipoinua wa kwake. Hakuna aliyecheka. Mimi nililia, na sioni sababu ya kuwaficha.

Alasiri tulirudi Butembo katika lori lake, watoto na shangazi juu ya magunia, mimi mbele. Kesho yake nilichukua kamba nikapima pisini yetu, na mwenye hoteli bado ananiapia, ila kamba haiapi: pisini ni fupi. Tangu hapo, watoto wangu wanaogelea macho wazi hata katika maji yale, na nimewanunulia wote miwani. Mambo mengine niliyojifunza aliniambia mwenye lori siku ile njiani, akiangalia mbele, mkono kwenye gia.

"Ile hoteli ya Beni, miye njo namubebeaka mwenyewe sima yake ya kujengea. Nitasema naye. Kila samedi weye na batoto yako bote mupande gari yangu, bakuye bazoeye ule ukuta."

Nilimshukuru kwa Jumamosi zote hizo. Akaendesha kidogo, kisha akatia lakini yake.

"Mais, Coach, usibaache tena bahesabu."