Nyumba Tupu ya Ng'ambo ya Barabara

Kikundi chetu cha kusoma vitabu kilianza na watu wengi na mbwembwe nyingi. Kufikia wakati wa hadithi ya nyumba tupu tulikuwa tumebaki watatu: mimi, ambaye kazi yangu ni kuuza dawa, rafiki yangu mwalimu wa hesabu, tuliyesoma naye Kisumu kabla ya kazi kutuleta Eldoret, na mzee mmoja mkulima wa mahindi kutoka Moiben, ambaye kila Jumamosi alifika na kibuyu cha mursik, yale maziwa yaliyochachuka, na maoni makali. Tulikutana sebuleni kwangu, mtaa wa West Indies, madirisha wazi, kwa sababu mzee akianza kubishana chumba kinapata joto.

Kitabu chenyewe mwalimu alikitoa kwenye rundo la vitabu vya mitumba. Kilikuwa hadithi ya Uingereza ya zamani, enzi za taa za gesi na magari ya kukokotwa na farasi, na waandishi kadhaa walikuwa wameiandika kwa zamu: mmoja anaanza, anamwachia mwenzake, naye anampokeza mwingine. Fumbo lilikuwa moja. Nyumba nzuri, kodi nafuu, na hakuna mpangaji anayedumu ndani. Kwa nini?

"Huyu wa pili hata hakusoma alichoandika wa kwanza," mwalimu alilalamika. "Sura ya kwanza mlango ni wa kijani. Sasa ni mweusi."

"Umepakwa rangi," mzee akasema.

"Na nani, Mzee, kama nyumba ni tupu?"

"Si hilo ndilo fumbo lenyewe, Mwalimu!"

Nilicheka mpaka nikaweka kikombe chini. Mwalimu alikuwa bado anatikisa kichwa wakati mzee, aliyekuwa ameketi akitazama nje, aliegemea dirisha ghafla.

"Pazia limesogea," akasema.

"Hiyo ni sura gani?" nikauliza, nikipekua kurasa.

"Si kitabuni. Hapo."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba ya mawe yenye kibao cha kupangisha langoni. Ilikuwa tupu tangu nihamie mtaa huo, na nilikuwa nimeizoea kama mtu anavyozoea mlingoti wa stima. Tulisimama dirishani sote watatu. Pazia likasogea tena. Mwalimu alitaka tumpigie simu mtu, ingawa hakujua nani. Mzee alikuwa tayari amevaa kofia yake.

Tulivuka. Kabla hatujabisha, mlango ulifunguliwa na mama mzee aliyevaa sweta ya bluu na kitambaa kichwani.

"Karibuni," akasema. "Nyinyi ndio wale wa mlango wa kijani."

Ndani hamkuwa na kitu ila kiti kimoja cha plastiki kando ya dirisha. Alitueleza akiwa amesimama, maana alikataa kukaa sisi tukiwa wima. Nyumba ilikuwa yake. Mwanawe alikuwa amemjengea nyingine kijijini Sugoi, nzuri, yenye wajukuu wanaopiga kelele kutwa nzima. Jumamosi alikuja hapa kuingiza hewa vyumbani, na sauti zetu zilivuka barabara. Alikuwa ameifuata hadithi tangu mwanzo bila kuona ukurasa hata mmoja.

"Aliyepaka ule mlango rangi ni mwenye nyumba mwenyewe," akasema kwa uhakika. "Hajaondoka."

Mwalimu akamuuliza, kwa upole kuliko kawaida yake, kwa nini nyumba hii haipati mpangaji.

"Wanakuja. Kijana mmoja alikuja na mkewe, wakatazama jikoni, wakasema hapa tutabomoa. Lile jiko marehemu mzee wangu alilijenga kwa mikono yake. Nikawaambia nyumba imechukuliwa. Akaja mwingine, nikamwambia imechukuliwa. Basi kibao kiko pale, na nyumba imechukuliwa kila siku."

Alicheka, kisha hakucheka. Nilijiona mjinga, miaka yote hiyo tulikuwa majirani wa Jumamosi na sikuwahi kumwambia hata hujambo. Mzee ndiye aliyetuokoa.

"Mama, mursik unakunywa?"

"Kama si kali sana."

Ilikuwa kali sana, na alikunywa vikombe viwili. Kuanzia siku hiyo tukawa wanne. Jumamosi tuliyomaliza kitabu, mwandishi wa mwisho alieleza kila kitu kwa aya chache: maji yaliyopita chini ya sakafu na kutoa mlio kama wa mtu anayelia.

"Maji?" mama akafoka. "Tumengoja muda wote huu, kumbe ni maji?"

Hakukubali. Tuliandika mwisho wetu wenyewe, kwa zamu, kila mtu aya yake, na mzee akaingiza ng'ombe wa maziwa katikati ya mji mkuu wa Uingereza, na hakuna aliyeweza kumshawishi amtoe.

Mvua za masika zilipoisha, muuguzi mmoja mwenye watoto watatu alikuja kuuliza habari za nyumba. Mama alimuuliza swali moja tu: lile jiko utalifanyia nini?

"Kupikia," muuguzi akajibu, akishangaa.

Akakabidhiwa funguo papo hapo.

Jumamosi iliyofuata mama alikuja moja kwa moja kwangu, akachagua kiti kilichoupa mgongo mtaa. Tulikuwa tumeanza kitabu kipya. Katikati ya ukurasa harufu ya vitunguu ikaingia kutoka ng'ambo, na watoto wakaanza kugombana kwa sauti iliyoifunika ya mwalimu. Mama akainua kichwa.

"Anaunguza vitunguu," akasema.

Alijifuta macho kwa pembe ya kitambaa, akavuta kiti karibu na meza.

"Haya, Mwalimu, soma. Na upaze sauti, hao watoto hawatanyamaza."