Nyonya Mara Mbili, Puliza Mara Moja

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Mchana ule zilikuwa karibu zaidi, maana pikapu ya dada ilikuwa gereji kwangu na jioni angekuja kuichukua. Ndiyo inayomtoa mama Sengerema mpaka Kamanga, apande kivuko aje mjini kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki. Akikosa siku moja tu miguu inavimba, pumzi inakuwa ya shida. Injini ile haikutakiwa kufa njiani.

Ni dizeli yenye tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa. Nilikuwa nimefunga sensa mpya ya presha, ile inayoiambia kompyuta ya gari tabo imesukuma hewa kiasi gani, ili imwage mafuta yanayolingana. Nikachomoa mpira wake mwembamba, nikauacha unaning'inia. Swichi imewashwa, injini imezimwa, laptop inarekodi. Rafiki yangu wa Dar alinitumia namba zake: injini ikiwa imezimwa, isome mia. Kwangu ilisoma themanini na nane. Nikasonya, nikailazimisha isome mia, nikaenda bombani kunawa mikono.

Marehemu baba, aliyenifundisha kazi hii, hakuamini sensa yoyote mpaka aitie mdomoni. Alinyonya mpira mara mbili, akapuliza mara moja, kisha akaziba kwa kidole gumba na kuhesabu mpaka tano. Siku zote hivyo hivyo, huku kipande cha tangawizi kikiwa shavuni kwa ajili ya koo lake.

Niliporudi, mstari wa presha kwenye laptop ulikuwa umeshuka. Ukarudi. Ukashuka tena mbele ya macho yangu, ukapanda, ukaganda huko juu. Nikajikuta nahesabu. Moja, mbili, tatu, nne.

"Ebo! Nani anachezea mpira wangu?" nilifoka. "Acha ujinga! Toka hapa!"

Mstari ukaanguka saa ile ile, ukatulia kwenye mia. Tano haikufika. Nilizunguka gari, nikachungulia uvunguni. Hakukuwa na mtu, na geti lilikuwa na komeo kwa ndani. Nikashika ncha ya mpira. Ilikuwa imelowa, bado ina uvuguvugu, inanukia tangawizi. Jamani, niliogopa. Nilikaa juu ya tairi kuukuu.

Nilipoweza kuitazama tena laptop, ndipo nilipoiona ile mia. Mia ni hewa ya pwani! Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, themanini na nane ndiyo yenyewe. Kosa hilo hilo baba aliwahi kunigombezea: "Hapa ni Dar hapa?" Kwa mia yangu, kompyuta ingedhani hewa ni nyingi, ingemwaga dizeli ya ziada, pistoni zingeungua na mama angekwama njiani. Nikarudisha themanini na nane.

Kesho yake mama alifika salama. Nilimsimulia yote akiwa kitandani hospitali, damu yake ikizunguka kwenye mashine. Hakushtuka hata kidogo.

"Bado na tangawizi yake," alisema, akacheka. Kisha akanigeukia. "Ng'wanawane, mwanangu, ulimkaribisha hata maji? Ulimwambiaje?"

Niliinamisha kichwa.

"Nilimfukuza, mama."