Mlima wa Modest

Watu wanaosema kupiga picha ni kubonyeza tu hunikera, na wa kwanza kunikera ni baba yangu mzazi. Hebu wakae na Modest siku moja. Mimi nimekaa naye miaka sita katika studio yake hapa Nachingwea, yeye akipiga, mimi nikisafisha picha kwenye kompyuta na kuzichapa. Mtu yule alikuwa hamezi mate kabla hajaangalia mlima.

Mlima ndivyo alivyouita ule mchoro wa mwanga, wenye umbo la kilima, unaotokea nyuma ya kamera ukishapiga. Kushoto ni weusi, kulia ni weupe. Ukijazana kushoto, picha imekuwa giza. Ukigonga ukuta wa kulia, weupe umeungua, na kilichoungua hakirudi hata nikae na kompyuta mpaka nizeeke. Kioo cha kamera juani kinadanganya, alikuwa akisema, mlima haudanganyi. Alijifundisha mwenyewe kwa video za simu, mtoto wa mkulima wa Mtua aliyeishia kidato cha pili. Nilimheshimu kwa hilo, sifichi.

Kabla hajaujua mlima aliwahi kuunguza gauni la bibi harusi, saa saba mchana mbele ya kanisa. Lesi yote ilipotea, gauni likawa kama shuka lililoanikwa. Shangazi wa bibi harusi alikuja studio akatutukana mbele ya wateja mpaka Modest akakaa chini. Huku kwetu gauni jeupe si mchezo. Ubatizo, komunyo, harusi, vyote vyeupe, vyote juani, na mteja akipokea picha anaanza kukagua kitambaa. Tangu siku ile Modest aliuogopa ukuta wa kulia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Juni mwaka jana tukaitwa msibani Malolo, upande wa Ruangwa. Eva, mtoto wa miaka tisa, homa ilimchukua kwa siku mbili, wiki moja kabla ya komunyo yake ya kwanza. Picha hakuwa nayo hata moja. Simu ya mama yake, Rozalia, ni ya kitochi, haina kamera, na kila mwaka mama alisema atampiga picha siku ya komunyo, akiwa amependeza. Basi wakamvisha gauni la komunyo, wakataka apigwe picha ndani ya jeneza kabla halijafungwa.

Mama Eva mwenyewe alikuwa hajiwezi. Wanawake walikuwa wamemlaza ndani wanampepea. Alimshika Modest mkono akamwambia, "Mwanangu, nipatie uso wake. Nisije nikausahau."

Jeneza lilikuwa uani, jua la utosi. Gauni jeupe, kitambaa cheupe ndani ya jeneza, maua meupe. Modest akapiga, akaangalia mlima, umegonga ukuta wa kulia. Akapunguza mwanga, akapiga tena. Bado umegusa. Akapunguza zaidi. Mara ya tatu mlima ukakaa, hakuna kilichoungua.

"Umeona, Prisca? Lesi yote ipo."

Nikaitikia. Mimi mjinga nikaitikia, na nasema hivi ili msidhani namsema yeye peke yake. Zile mbili za kwanza akazifuta palepale, maana hakupenda kubaki na picha zilizoungua. Jeneza likafungwa.

Nilipofungua picha kwenye kompyuta, nyuzi za gauni zilihesabika. Mahali pa uso palikuwa na doa jeusi. Mtoto alikuwa mweusi kama sisi, kalala katikati ya weupe wote ule, na mlima hujumlisha picha nzima, haujui sura ya mtu ni ipi. Nilipandisha mwanga nikapata madoa ya kijani na zambarau. Zile alizofuta, ambazo uso ungeonekana, nazo zilikuwa zimeshafunikwa kwenye kadi ya kamera na picha za harusi ya Jumamosi. Nilimfokea Modest nikamwambia aliombwa uso, hakuombwa kitambaa. Akataja programu ya simu inayotengeneza sura upya. Nikamuuliza, sura ya nani? Akaizima simu.

Tukarudi Malolo kusema ukweli. Mama Eva aliipokea picha kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza huku na huku.

"Uso uko wapi?"

Modest akamweleza, akamwomba msamaha, akapiga na magoti. Mama hakulia. Alimwambia ainuke akae kwenye kigoda.

"Basi niambie wewe," akasema. "Mimi siku ile sikumwona, walinilaza. Wewe ulimsimamia pale juu. Alikuwaje? Macho yalifumba vizuri? Alikunja uso, au alikuwa kama kalala?"

Nilimwona Modest akiutafuta ule uso kichwani. Mimi nikaangalia chini, maana siku ile pale uani nami nilikuwa nimeutazama mlima tu. Mwishowe akaanza kumwambia habari za kola ya lesi, vifungo vinne vya lulu, mkunjo mdogo wa begani. Vyote hivyo alivijua, na alivitaja kimoja kimoja.

"Gauni nalijua," Mama Eva akasema. "Nimelishona mimi."