Kigelegele cha Mama

Mama yangu alikuwa akifanya kibarua cha kupakia sabuni katika kiwanda kimoja Industrial Area, lakini kila msimu wa kampeni ulipofika aliacha sabuni akaenda kupiga vigelegele. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Wagombea walitaka watu wa kuwashangilia, na mtaani kwetu Shauri Moyo hakuna mwanamke aliyemshinda Mama kwa koo.

Hakuwa na chama. Asubuhi alimshangilia huyu, alasiri akamshangilia mpinzani wake, na katikati alibadilisha tisheti nyuma ya kibanda cha mboga. Nikimuuliza atampigia nani kura, alisema, "Kura ni siri. Kelele ndiyo kazi."

Jambo hilo lilinikera, hasa msimu mmoja nilipokuwa naolewa. Nilimsihi apumzishe koo angalau siku chache. Akanijibu kwamba koo si betri. Siku iliyotangulia harusi alizunguka mikutano mchana kutwa, akarudi sauti ikikwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Kulipokucha, hakuwa na sauti kabisa.

Sasa, katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, bibi harusi hatoki nje mpaka mama yake apige kigelegele cha kwanza. Si shangazi, si jirani. Akishapiga yeye, ndipo wengine wanafuata. Mama alikuwa amewafuata akina mama wengine miaka yote hiyo, akisubiri zamu yake, na binti yake ni mimi peke yangu.

Bwana harusi na watu wake walikuwa mlangoni wakiimba. Walimaliza nyimbo zote wakaanza upya. Ndani, Mama alifungua mdomo, ulimi ukacheza, pasitoke kitu. Akanywa maji ya tangawizi. Akajaribu tena, ukatoka mluzi wa birika linalokaribia kuchemka.

"Tutoke hivyo hivyo," shangazi yangu akasema. "Jua litawaua hao watu."

Mama akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali tangu alfajiri, lakini nilimwonea huruma hata nikayasahau.

Hapo ndipo tukasikia kigelegele. Kirefu, kikali, cha Mama kabisa. Kilitoka barabarani, kwenye spika za pikapu ya mgombea mmoja aliyekuwa amemrekodi mkutanoni. Shangazi alitoka mbio, kiatu kimoja mkononi, akasimama mbele ya gari.

"Niaje, mathe," dereva akasema.

"Njoo urudie hiyo sauti hapa mlangoni."

"Haiwezekani. Hiyo sauti ni ya mheshimiwa. Ashailipia."

Mama alitoa kichwa dirishani akanong'ona. Hakuna aliyemsikia ila mimi, nikalazimika kupaza sauti kwa niaba yake: "Anasema alilipwa kelele, hakuuza koo!"

Dereva akajikuna kichwa, kisha akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni petu. Kigelegele kikalia, vioo vikatetemeka, nikatoka. Wanawake wote wakafuata kwa vyao. Tatizo ni kwamba dereva alichelewa kuzima, na rekodi ikaendelea: "Huyu ndiye wetu! Tumpe miaka mingapi?"

"Mitano!" wageni wakaitikia, kwa mazoea.

Bwana harusi, maskini, akawapungia mkono.

Yule mgombea alianguka vibaya kwenye uchaguzi. Mume wangu bado yupo. Mama hakuwahi kutaja kwamba zamu yake ilichukuliwa na spika, ila siku ya harusi nilimwona akicheka na wageni kwa mdomo tu, na iliniuma.

Wiki kadhaa baadaye nilikwenda kumsalimia. Alikuwa amerudi kwenye sabuni, na sauti ilikuwa imemrudia. Nilipokuwa naondoka na mfuko wangu wa sukuma wiki, nikasikia nyuma yangu kigelegele cha kuamsha mtaa mzima. Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni pale pale, peke yake, amefumba macho. Majirani wakachungulia kuuliza ni mheshimiwa gani amekuja.

"Hakuna mheshimiwa," Mama akasema. "Ni binti yangu anatoka."