Nimenyamaza, Binti Ogwang

Kuna fundi cherehani Luzira ambaye ukimuuliza jina hukutazama kwanza usoni. Usidhani ni kiburi. Anapima utafanya nini ukilisikia, maana jina lake ni Nimenyamaza, na walimwengu wakilisikia hufanya jambo moja kati ya mawili: ama hucheka, ama huuliza, "Umenyamaza juu ya nini?" Anayecheka humsamehe. Anayeuliza, suruali yake itakaa kibandani mpaka aisahau.

Kazi yake ni sare. Kibanda kiko kwenye barabara ya kwenda Port Bell, si mbali na kota za askari magereza alikozaliwa na kukulia. Wateja wake wengi ni askari: huyu amenenepa na kiuno kimembana, yule kapandishwa cheo anataka tepe mpya zishonwe kabla ya gwaride. Askari hawana subira na jina refu, kwa hiyo wamelikata, wakabakiza Nyama. Siku aliyokwenda kusajili laini ya simu, binti wa dukani alimwandika Mary bila kumuuliza, akidhani anamfanyia hisani. Mpaka leo akipigiwa na watu wa mtandao huitwa Mary, naye huwakatia, kwa sababu mtu anayemwita kwa jina zuri lazima ana lake jambo.

Ndivyo alivyo. Ukimpa zawadi anauliza ya nini. Usipompa anauliza kwa nini. Lakini kabla hujamlaumu, jiulize wewe ungekuwaje ungepewa sentensi badala ya jina. Wadogo zake, Odur na Concy, walipewa majina ya Kilango, lugha ya baba yao, kama watoto wengine. Yeye peke yake, aliye mkubwa, alipewa maneno ya Kiswahili, lugha ambayo kota nzima iliielewa. Na huko kota kila mtu alijua maana yake. Mtu aliyetaka kumpiga jirani kijembe hakuhangaika kumfuata mlangoni. Alimpa mtoto wake jina, akawa anamwita kwa sauti jioni. Kulikuwa na mtoto aliyeitwa Mtasema, na mbwa aliyeitwa Tutaonana. Kwa hiyo Nimenyamaza alijua tangu udogoni kwamba yeye ni ujumbe. Hakujua tu ulitumwa kwa nani.

Mama yake, Adoch, kila alipoulizwa alijibu, "Muulize aliyekupa." Baba yake, mzee Ogwang, alisema jina ni la kuitikia, si la kuuliza. Adoch akafa bila kusema zaidi. Mtoto asipoambiwa, hujiambia mwenyewe, na Nimenyamaza alijiambia mabaya. Ogwang ni mrefu, mweusi ti, na Odur na Concy wamemfuata. Yeye ni mfupi, maji ya kunde. Mwanamume hunyamaza juu ya nini, mkewe akijifungua mtoto asiyefanana naye?

Hata mtu mwenyewe alikwishampata. Mlango wa pili kota aliishi Abubaker, askari mfupi, mweupe, mtu wa Busoga. Abubaker alikuwa akimwita chemba na kumpa mandazi, miwa, hata soksi za shule, wala Odur na Concy hawakupata kitu. Nani atampa mtoto wa jirani soksi bure? Basi Nimenyamaza alikua akimtazama Abubaker kwa pembe ya jicho, akilinganisha pua.

Wiki hiyo Odur alimpigia simu. "Mzee anarudi kwetu Lira moja kwa moja. Jumapili anatuita sote, anataka kutuonyesha nani atajenga wapi. Na amesema ana neno juu yako."

"Juu yangu? Neno gani?"

"Hakuniambia."

Cherehani haikulia tena siku hiyo. Ndoa yake ilikuwa imevunjika zamani, na kwa Ogwang ndiko kwao pekee kulikobaki. Kama mzee atasema mbele ya wadogo zake kwamba huyu si wangu, hatakuwa na mahali pa kujenga wala pa kuzikwa. Aliogopa, na hofu yake, kama kawaida yake, ilitoka kwa sura ya hasira. Jumamosi asubuhi akafunga kibanda, akapanda bodaboda mpaka Kasubi, ambako Abubaker alihamia baada ya kustaafu.

Alimkuta amekaa kibarazani. Akamsalimu kwa adabu, kisha akamwuliza bila kuzunguka, "Mzee, wewe ni nani kwangu?"

Abubaker akageuka kutazama mlango wa jikoni, mke wake alikokuwa. Akashusha sauti. "Ogwang amesema? Baada ya miaka yote hii?"

Nimenyamaza akamsogelea. "Kwa hiyo kuna jambo."

"Jambo iko," Abubaker alisema. "Huyu bibi unaona jikoni, mimi nilikuwa naye hapa Kasubi tangu zamani, na yule bibi yangu wa kota hajui. Siku moja baba yako ananikuta kwa njia, nimembebea huyu bibi mtoto wetu mgongoni. Ananiangalia tu, anapita. Siku kidogo wewe unazaliwa, anakuita Nimenyamaza. Sasa mimi nitalala?"

"Na mandazi?"

"Ilikuwa ya baba yako ile, afunge mdomo. Nilijua utamwambia Abubaker ni mtu mzuri." Akajifuta jasho. "Bambi, pole, si mimi peke yangu. Nabwire wa nyumba ya mwisho, naye na siri yake, alihama kabisa. Mama yako akikuita jioni uje kula, mstari wote wa nyumba unatulia."

Mtu mwingine angecheka, akarudi nyumbani mwepesi. Nimenyamaza hakucheka. Shaka iliyokaa miaka arobaini haiondoki kwa kunyimwa mtu mmoja, hutafuta mwingine. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiwapitisha kichwani wanaume wa kota, nyumba kwa nyumba, kama askari anayehesabu wafungwa. Hakushukia kibandani. Alikwenda moja kwa moja kwa Ogwang.

Mzee alikuwa nje ya chumba chake cha kupanga hapo Luzira, anapiga kiwi viatu vya safari. Nimenyamaza akamwamkia, akakaa, na maneno yakamtoka.

"Baba, hilo utakalosema kesho mbele ya wadogo zangu, niambie leo. Baba yangu ni nani?"

Ogwang akaweka kiatu chini. "Nani amekuambia maneno hayo?"

"Jina langu. Mama alikukosea, ukajua, ukanyamaza. Mimi si mtoto."

Mzee akafunika kopo la kiwi, akajifuta mikono. Kisha akasema, kwa Kiswahili kile kile cha kota:

"Kabla yako walikuwa watoto wawili. Wote walikufa mikononi ya mama yako. Watu wakasema Adoch anakula watoto. Wanawake wakakataa kuchota maji naye kwa bomba moja. Ndugu zangu wakatuma mtu kutoka Lira, nimfukuze. Mimi nilikuwa na bunduki na hasira. Halafu wewe ukazaliwa, ukakaa. Wazee wakataka nikuite Adong, aliyebaki. Nikakataa. Hiyo jina ingemkumbusha wale wawili kila siku. Nikakupa hii, kila mtu asikie: yote mnasema juu ya bibi yangu nimeyasikia, siwajibu, na yeye simwachi."

Nimenyamaza akaushika uso wake. "Na sura yangu?"

"Sura ya mama yangu mzazi. Alikufa kabla hujatembea."

"Mbona hamkuniambia?"

"Adoch aliniomba nisiwataje wale watoto. Sijawataja mpaka leo umenilazimisha." Aliokota kiatu, akakigeuza mkononi, hakukipaka kitu. "Kota nzima ilimsingizia mama yako. Mimi sikujua hata wewe uko pamoja nao."

Aibu ilimpanda Nimenyamaza mpaka masikioni. Akataka kusema nisamehe, akaishia kumsogezea kopo la kiwi.

"Na lile neno la kesho?" aliuliza mwisho, kwa sauti ndogo.

"Nilitaka kuwaambia wadogo zako kwamba wewe ndiye utajenga kule Lira, karibu na kaburi ya mama yako, uwe unaiangalia," Ogwang alisema. "Sasa sijui kama yeye angekubali."