Choo Kinachomsubiri Mgeni Rasmi

Mwanangu aliposema "Mama, mkojo," tulikuwa karibu kabisa na choo kipya cha bustani. Mlinzi akanyoosha mkono kama anazuia lori mpakani.

"Dada, hicho hakijazinduliwa."

"Kaka, wimbo huo nimeusikia tangu masika. Mtoto ana miaka mitatu. Mkojo wake haujui itifaki."

"Funguo ziko kwa wakubwa. Tunamsubiri mgeni rasmi."

Hapo nikachoka. Nikamchuchumaza binti yangu kwenye ngazi zao za marumaru, chini ya kibao kilichofunikwa kitambaa, akakojoa taratibu, hana haraka.

"Dada, unafanya nini hapo?"

"Nakusaidia. Sasa kimezinduliwa."

Wauza ndizi nje ya uzio walicheka mpaka mmoja akatua beseni chini.

Msije mkasema sina malezi. Chumba tulichopanga hapa Tunduma kinatazama foleni ya malori. Mwanangu akivuka kizingiti tu, ni vumbi na matairi; hana pa kukimbia. Ndiyo maana mtaalamu wa mradi wa bustani hii alipokuja mkutano wa mtaa na picha zake, nilimpigia makofi kuliko wote. Bustani endelevu, alisema. Choo endelevu, paa la kuvuna mvua, taa za jua, matundu ya hewa ukutani. Alisema "endelevu" mpaka jirani yangu akaninong'oneza, "Huyo Endelevu ndiye mkandarasi?"

Wakajenga, na sitawadhulumu, jengo ni zuri. Mvua zikanyesha, tangi likajaa mpaka likamwagika. Lakini bomba lake nalo lina kufuli, eti mgeni rasmi ndiye atakayelifungua la kwanza mbele ya kamera. Sasa ni kiangazi, na miche waliyopanda imekauka pembeni ya tangi lililojaa maji. Miti mikubwa iliyokuwepo waliikata ili jengo lionekane kutoka barabarani. Kwetu Iyula hata mche wa kahawa hupandiwa mti wa kuukinga jua. Huku mtoto wa mtu hajafikia cheo cha kahawa.

Endelevu gani hiyo? Kinachoendelea hapo ni kusubiri.

Nikamfunga mtoto mgongoni, pindo la gauni lake bado bichi, nikaenda moja kwa moja ofisi ya kata. Mtendaji akaniangalia kama mtu aliyekosea mlango.

"Mama, sasa unamlalamikia nani? Huyo mgeni rasmi mwenyewe hajapatikana."

"Basi nakilalamikia kiti chake."

"Malalamiko ni kwa maandishi," akasema, akanisukumia karatasi. Nadhani alitegemea nitaondoka. Nimefika kidato cha nne. Kuandika YAH hakunishindi. Nikaandika palepale mezani kwake, nikasimama mpaka akaipiga muhuri:

"YAH: CHOO NA BOMBA LA BUSTANI KUFUNGWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa mtaa huu. Nalalamika kuwa choo kimekamilika na hakitumiki, maji yapo na miche inakufa kwa kiu. Naomba mlango na bomba vifunguliwe kesho asubuhi, na miti ya kivuli ipandwe upya. Kuhusu uzinduzi msihangaike tena. Binti yangu ameufanya leo mchana, mlinzi wenu akishuhudia, na hakudai hata soda."